Neno Walilompa Nicanor

Nicanor Odongo alikuwa amefanya kazi katika kiwanda cha ngozi cha Thika kwa muda mrefu hata pua yake ilikuwa imekata tamaa. Wageni wakiingia kwenye ukumbi wa chokaa, ambako ngozi mbichi za ng'ombe huloweshwa mpaka manyoya yalegee na vipande vya nyama vianze kujitenga, walifunika midomo na kutafuta mlango. Yeye alikuwa msimamizi wa zamu, na angeweza kula chapati yake palepale, mgongo ukiegemea pipa. Ndiyo maana mkewe Benta alishangaa siku alipotoka hospitali. Alimwona akitazama ile chupa ya plastiki iliyoning'inia ubavuni mwake, iliyokuwa ikijaa maji mazito yenye damu kutoka kwenye kidonda, kisha akamwona akikimbilia choo cha nyuma ya ploti kutapika.

"Wewe?" Benta alimuuliza huku akimshika paji la uso. "Wewe wa ngozi?"

"Ngozi za kule si zangu," Nicanor alisema, akarudi kutapika.

Walikuwa wapangaji Mwiki, upande wa Ruiru, katika vyumba viwili vilivyotazamana na kamba za nguo za watu wengine. Walikuja kutoka Siaya wakiwa vijana, wakamlea binti yao Emmaculate hapo, naye sasa alikuwa ameolewa Kisumu. Benta ndiye aliyeugundua ugonjwa, kwa sababu ndiye aliyefua. Aliona doa la damu kwenye fulana ya ndani, mahali palepale kila wiki. Alipomvua shati kwa nguvu, akaona chuchu ya kushoto imezama ndani kama kitu kilichovutwa na uzi, na chini yake uvimbe mgumu kama punje ya mahindi.

Daktari alipomwambia ni kansa ya titi, Nicanor alicheka.

"Daktari, mimi ni mwanamume."

"Wanaume pia wana matiti," daktari alisema. "Ni vile hamyatumii."

Wakamkata upande wote wa kushoto na tezi za kwapani. Kisha ikaja dawa ya dripu iliyomnyonyoa nywele na kucha, na baada ya dripu, vidonge vya kila siku vilivyompandisha joto la ghafla na kumlowesha jasho katikati ya mazungumzo.

Kliniki nayo ilikuwa mateso ya namna yake. Mabenchi yote yalijaa wanawake. Kila mara nesi alipofikia jina lake aliita bila kuinua macho, "Mama Nicanor Odongo!" na kila mara Nicanor alisimama, na wanawake wakatazama chini kwa huruma iliyomfanya atamani kukaa tena. Katika benchi la mwisho alikuwapo mwanamume mwingine mmoja, mrefu, mwenye kofia pana ya mchunga ng'ombe na viatu vyenye vumbi jekundu. Nicanor alidhani amemleta mke wake.

"Umemleta nani?" alimuuliza.

"Nimemleta huyu," yule mtu akasema, akajigonga kifuani kwa kidole.

Huyo alikuwa Maluki, mfugaji kutoka Gatuanyaga. Kijijini kwao alikuwa amewaambia watu kwamba fahali alimpiga teke, na madaktari wakalazimika kumpasua kifua. Nicanor alicheka mpaka mshono ukamuuma. Tangu siku ile walipangiwa dripu siku moja, na kila walipomaliza waliketi kwenye kibanda cha chai nje ya lango la hospitali, wakinyamaza zaidi kuliko kuongea, kila mmoja akingoja kichefuchefu cha mwenzake kitulie.

Siku ya dripu ya mwisho ndiyo walipopewa lile neno. Kulikuwa na kikundi cha wagonjwa kilichoongozwa na mama aitwaye Mourine, ambaye yeye mwenyewe alikuwa amekatwa matiti yote mawili. Aliwakumbatia wote wawili kwa mpigo mbele ya benchi zima.

"Kuanzia leo nyinyi si wagonjwa," Mourine alisema kwa sauti ya kanisani. "Nyinyi ni survivors! Nyinyi ni washindi!"

Wanawake wakapiga vigelegele. Nicanor alihisi kitu kikimpanda kooni, akadhani ni dawa. Haikuwa dawa, kwa sababu kilipanda tena kibandani alipokumbuka.

"Umesikia tumeitwa nini?" alimuuliza Maluki.

Maluki akanyoosha shingo, akaiga sauti ya Mourine. "Survivor, nipitishie sukari."

"Chukua, mshindi."

Wakacheka. Ukawa mchezo wao. Lakini neno lile halikubaki kibandani. Benta alimwambia jirani mmoja, na jirani akamwambia mchungaji. Jumapili moja mchungaji wa kanisa lao la Mwiki akamwita Nicanor mbele, akamshika mkono na kuuinua kama wa bondia. "Tazameni survivor wetu! Bwana amemshinda adui!" Watu wakapiga makofi. Kwenye safu ya pili mama mmoja akamnong'oneza mwenzake, na yule mwenzake akatupa jicho upesi kwenye kifua cha Nicanor, upande wa kushoto, akalirudisha kwenye Biblia. Nicanor aliliona jicho hilo. Alitamani kupiga mswaki.

Kiwandani vijana walifupisha. "Sava, niaje!" walimwita kutoka upande wa pili wa mapipa. "Sava, lori ya ngozi imefika!" Hakuna aliyemwita Odongo tena. Halafu wakachanga wakampeleka Kamakis kwenye nyama choma, ati kumsherehekea. Mbuzi alichomwa, kachumbari ikaja, watu wakanawa mikono. Ronny, dereva wa lori, kijana asiyejua kunyamaza, alichagua kipande cha kiwele kilichonona, mafuta yakimtiririka mpaka kwenye kiwiko, akakiweka mbele ya Nicanor.

"Hii ni ya Sava! Titi kwa titi! Rudisha ile walichukua!"

Meza ikalipuka kwa kicheko. Nicanor alikitazama kile kipande. Kilikuwa na ngozi laini iliyokunjamana motoni, na katikati palikuwa na kitundu. Mate yalimjaa mdomoni, yale mate ya chumvi yanayotangulia kutapika.

"Ronny, wacha ujinga," msimamizi mwenzake akakemea, kisha akamgeukia Nicanor kwa sauti ya chini, ile sauti watu wanayoitumia kwa wajane. "Mheshimu mzee. Huyu ni survivor."

Baadaye, akiwa peke yake, Nicanor alipima ni lipi lililomchafua roho zaidi, akagundua si lile la Ronny. Ronny alikuwa mpumbavu, lakini angalau alilitaja titi. Huyu mwingine alikuwa amemfunika kwa neno safi kama mtu anayefunika kinyesi cha paka kwa mchanga.

Alijaribu kumweleza Benta. Ilikuwa Jumamosi, Benta akichambua maharagwe, yeye akiwa kifua wazi kwa sababu ya joto la vidonge.

"Redioni wakitaja survivor kwa Kiswahili, manusura, wanasema juu ya watu waliotolewa kwenye jengo lililoanguka," alisema. "Hilo naelewa. Jengo limeshaanguka, vumbi limetulia, mtu ametolewa. Mimi jengo langu bado liko juu yangu. Kila baada ya miezi michache wanaangalia kama limepata ufa. Sasa manusura wa nini?"

"Wanakupongeza, Baba Emma. Ungetaka wakutukane?"

"Na mshindi. Nilimshinda nani? Nililala, wakanikata. Nikaamka, wakanitia dawa. Mimi sikufanya kitu. Nilitapika tu."

Benta akaacha kuchambua. "Mimi hilo neno lilinisaidia," alisema. "Nilipoulizwa sokoni mume wako anaendeleaje, nilikuwa na kitu cha kusema."

Nicanor aliinuka. Alivaa shati, akatoka.

Mwezi wa Oktoba ulipokaribia, kikundi cha Mourine kilipata mfadhili, kampuni moja ya magodoro, na ikaamuliwa kufanyike matembezi mjini Thika na sherehe uwanjani. Wanaume wawili, Nicanor na Maluki, wangepanda jukwaani waonekane, ili wanaume wengine wajue ugonjwa huu haubagui. Nicanor alikubali kwa sababu hiyo moja. Akapewa tisheti. Ilikuwa ya waridi, na ilikuwa imeshonwa kwa ajili ya mwanamke, kifua kikiwa na nafasi na kiuno kikibana. Kwenye kioo cha nyumbani Mwiki alijiona: upande wa kulia ulikaa, upande wa kushoto ulizama, na neno MSHINDI lililochapishwa kwa herufi nyeupe lilianza vizuri begani, kisha herufi mbili zikatumbukia kwenye shimo la kidonda na kutokea upande wa pili zikiwa zimepinda. Akaivua haraka kama mtu aliyevaa nguo yenye siafu.

Siku chache kabla ya sherehe Mourine alimpigia simu akiwa kazini.

"Baba Emma, kuna mabadiliko kidogo kwa programu. Wewe utasimama peke yako upande wa wanaume."

"Maluki anasafiri?"

"Hapana." Mourine akavuta pumzi. "Amepigwa picha ya mifupa. Imerudi. Iko kwa uti wa mgongo."

Nicanor alishika ukingo wa pipa. Maluki alikuwa amemwambia kwamba anaumwa mgongo kwa sababu ya kubeba majani ya ng'ombe.

"Sasa hilo linahusiana vipi na jukwaa?" aliuliza.

"Watu wa magodoro wanataka hadithi ya matumaini. Maluki sasa anatembea na fimbo. Watu wakimwona vile wataogopa hospitali. Nielewe, tafadhali."

"Umemwambia?"

Mashine ya kukwangulia nyama ilikuwa ikinguruma nyuma yake.

"Nilifikiria," Mourine akasema polepole, "kwa vile wewe ni rafiki yake..."

Nicanor alikata simu. Kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, alitoka nje ya ukumbi wa chokaa kwa sababu ya harufu.

Asubuhi yake alipanda pikipiki hadi Gatuanyaga. Njiani alipanga maneno. Angemwambia Maluki kwamba wametupwa na wajinga, na wangewacheka wajinga hao pamoja, kama kawaida yao. Alimkuta kwenye kiti mbele ya zizi, fimbo imelazwa mapajani, amekonda uso. Alikuwa amevaa tisheti ya waridi. Ilikuwa imepigwa pasi, mistari ya mikono imesimama.

"Umeona Mutheu alivyoninyooshea?" Maluki alisema, akimwonyesha mkewe aliyekuwa akimwaga pumba kwenye hori. "Nilitaka nione kama itanienea. Jumamosi sitaki aibu."

Nicanor alikaa kwenye jiwe. Maneno yote aliyopanga yalipotea. Akamwambia hivyohivyo, bila kupamba: kwamba Mourine amepiga simu, kwamba wameona ile picha ya mifupa yake, kwamba jina lake limetolewa.

Maluki alitazama mkono wake. Ndama mmoja alikuwa akimlamba mkono na akamwacha amlambe.

"Heri," Nicanor alisema. "Achana nao. Hata mimi siendi. Neno lenyewe la kipuzi. Si tumelicheka sisi wenyewe?"

"Wewe ulicheka," Maluki alisema. "Mimi nilikuwa nakufuatisha."

"Vipi?"

"Ulikuwa unacheka, na mimi nilitaka mtu wa kunywa naye chai." Maluki akautoa mkono wake kwa ndama, akaupangusa kwenye suruali. "Odongo, mimi nilidanganya hapa miezi na miezi. Fahali, fahali. Watoto walikuwa wanamwogopa fahali wa watu bure. Halafu baada ya ile siku ya dripu ya mwisho, nikaenda mnadani, nikawaambia. Nikasema fahali hakunigusa. Mimi ni survivor wa kansa ya titi. Unajua walifanya nini? Mzee mmoja alivua kofia. Hakuna aliyecheka. Sasa niambie, bila hilo neno ningewaambiaje? Ningesimama katikati ya ng'ombe niseme nilikatwa titi?"

Mutheu alikuwa amesimama na debe mkononi, akisikiliza.

"Mimi ningelitumia mpaka nife," Maluki akasema. "Na sasa wamelichukua. Wewe unalitemea mate kwa sababu uko nalo." Aliinua macho. "Niambie, Odongo. Mtu akitolewa kwa survivors anaitwaje?"

Kinyaa alichokizoea Nicanor kilimjia tena, lakini safari hii hakujua akielekeze wapi. Kilikuwa juu ya Mourine na watu wa magodoro, na kilikuwa juu yake pia, yeye aliyejiona mwenye akili kuliko neno.

"Jumamosi tutakwenda," alisema hatimaye. "Wote wawili. Utapanda pale."

Jirani yake wa Mwiki, Salehe, muuza viatu vya mitumba, alikuwa na gari, Probox kuukuu. Nicanor alimweleza, na Salehe hakuuliza maswali mengi. Jumamosi walipita kumchukua Maluki, wakamlaza kwenye mito kiti cha nyuma, Mutheu akimshika mabega kila walipofika kwenye shimo. Hakulalamika, lakini walipofika Thika jasho lilikuwa limelowesha tisheti yote.

Uwanjani kulikuwa na maputo ya waridi kila mahali. Kwenye lango walikuwa wameweka godoro kubwa, na mshereheshaji alikuwa akilirukia na kuwaambia watu waliobahatika kushinda ugonjwa kwamba wanastahili kulala vizuri. Wanawake waliokatwa walikuwa wamepangwa mstari mbele wakiwa wamevishwa mishipi ya utepe, kutoka begani hadi kiunoni, yenye neno lilelile, na wapiga picha wakiwaambia wacheke. Wengine walicheka kweli. Nicanor aliwatazama hao na hakuweza kuwadharau. Mwanamke mmoja mzee alikuwa akicheza peke yake, macho yamefumbwa, mshipi ukimpiga magotini.

Mourine alipomwona Maluki amejishikiza kwenye fimbo, uso wake ulibadilika.

"Baba Emma, umenifanyia nini?"

"Nimekuletea mwanamume wa pili."

"Nilikueleza..."

"Hebu mweleze yeye mwenyewe. Yuko hapa."

Mourine alimtazama Maluki. Maluki alimpa mkono, akamsalimia vizuri, akamuuliza habari za nyumbani. Mourine aliuachia mkono, akaondoka kwenda kuwahudumia watu wa magodoro.

Mshereheshaji alipoita, "Na sasa, shujaa wetu, mwanamume wa pekee, Nicanor Odongo!" walipanda wote wawili, ngazi moja moja, Maluki akipumzika katikati. Makofi yalianza kwa nguvu, yakapungua watu walipoona fimbo, yakaanza tena bila uhakika. Mshereheshaji alikuwa kijana mwenye suti ya waridi. Alimtazama Maluki, akaangalia karatasi yake, akaamua kutomwona.

"Mzee Nicanor, tuambie," alisema, akimsogezea kipaza sauti. "Uliishindaje kansa? Siri ni nini?"

"Hakuna siri," Nicanor alisema. Sauti yake ilimrudia kutoka upande wa pili wa uwanja, kavu. "Sikushinda. Nilikatwa, nikatiwa dawa, nikabaki. Huyu ni Maluki. Yeye pia alikatwa. Alitiwa dawa ileile, siku ileile, kwenye kiti cha karibu yangu. Alitapika kuliko mimi na hakukosa hata siku moja. Imemrudia. Kama mimi ni mshindi, nataka mtu aniambie yeye mlimwona akifanya kosa gani."

Uwanja ulinyamaza. Kwa pumzi mbili tatu Nicanor alidhani kuna mtu atajibu. Katika mstari wa mbele mwanamke mmoja alivua mshipi wake taratibu, akaukunja, akaushika mkononi.

"Wau! Wau!" mshereheshaji akaruka. "Hayo ni maneno mazito kutoka kwa survivors wetu! Makofi! DJ, tupatie muziki!"

Muziki ukapigwa. Mabomba ya karatasi za rangi yakalipuka, na vipande vya waridi vikawaangukia vichwani, vikajibandika kwenye jasho la shingo ya Maluki. Nicanor alivibandua kimoja kimoja kwa kidole. Alijisikia kama amepakwa kitu kisichotoka kwa maji.

"Twende," alimwambia Maluki.

"Ngoja," Maluki alisema. "Nataka picha."

"Picha gani?"

"Sisi wawili. Hapa juu. Na mshipi."

Mpiga picha aliletwa. Mourine mwenyewe ndiye aliyepanda na mishipi miwili, akamvisha Maluki kwanza, halafu Nicanor. Nicanor aliusikia utepe ukikwaruza kovu lake kupitia tisheti. Alitaka kuutupa. Alisimama wima, akamshika Maluki kiunoni ili asianguke, akaangalia kamera. Maluki alitabasamu kwa meno yote.

Maluki alikufa kabla ya mvua za mwaka uliofuata, nyumbani kwake, baada ya majuma ambayo hakuweza kugeuka kitandani bila kusaidiwa. Nicanor alikwenda kila alipopata siku ya mapumziko. Aliwasaidia kumgeuza. Aliona vidonda vya mgongo, akasikia harufu yake, na hakukimbia, wala haikuwa kwa sababu ya ushujaa. Kulikuwa na kazi ya kufanywa na mikono miwili ya Mutheu haikutosha.

Kwenye mazishi, ile picha iliwekwa juu ya jeneza. Msemaji wa siku, jamaa aliyetoka Nairobi, alishika kipaza sauti na kusema kwamba ndugu yao alikuwa mpiganaji hodari, kwamba alipigana vita vikali na saratani, lakini mwishowe akashindwa.

Nicanor aliinamisha kichwa. Alikuwa amelitarajia hilo. Kumbe ndilo neno lenyewe, aliwaza: aliyeshindwa. Ndilo jibu la swali la Maluki kule zizini.

"Hakushindwa," Mutheu alisema.

Alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbele, na hakusimama. Msemaji aligeuka, kipaza sauti mdomoni.

"Hakushindwa na mtu," Mutheu akarudia. "Aliugua akafa. Sema hivyo, halafu uendelee."

Msemaji alikohoa. Akasema hivyo. Akaendelea.

Baada ya udongo, watu walipokuwa wakipanga foleni ya chakula, Mourine alimfuata Nicanor kando ya ua. Hakuwa na tisheti ya kikundi. Alivaa gauni jeusi lililokaa bapa kifuani.

"Ile simu nilikupigia," alisema, "sijaisahau."

"Mimi pia."

"Lakini wacha nikuambie kitu. Nilipokatwa, mume wangu alihama chumba, halafu akahama nyumba. Nililala kitandani nikingoja kufa. Mtu mmoja aliniita survivor kwa simu, mtu nisiyemjua, na siku hiyo nilioga. Mimi sitaliacha hilo neno, Baba Emma. Hata ukinichukia."

Nicanor alitazama watu wakipakua wali. Mourine alikuwa anasema kweli na bado neno lenyewe lilimtia kichefuchefu, na hakuona namna ya kuvitenganisha.

"Kaa nalo," alisema. "Sikunyang'anyi. Lakini usiniite kwa jukwaa tena. Wewe ukipata mwanamume mwingine, nipigie. Nitaenda kumwona nyumbani kwake."

Mourine alipiga simu miezi mingi baadaye. Kulikuwa na mtu Ruiru mjini, Mutisya, fundi wa friji, aliyekuwa amekatwa na sasa amejifungia chumbani. Alikuwa amekataa kliniki na kikundi, na hata ndugu zake hakutaka kuwaona. Nicanor alikwenda baada ya zamu, bado ananuka chokaa. Mke wa yule fundi alimpokea sebuleni, akamwonyesha mlango uliofungwa, akaingia jikoni akiogopa kusikia.

Nicanor alibisha. "Naitwa Odongo," alisema. "Mimi ni wa Mwiki. Mimi pia nilikatwa. La kushoto."

Mlango haukufunguliwa. Akavuta kigoda, akakaa karibu na mlango. Hakuwa na hotuba. Nje mtu alikuwa akijaribu honi ya pikipiki, mara kwa mara, kama anayeitengeneza.

"Umekuja kuniambia nipigane?" sauti ikauliza kutoka ndani. Ilikuwa nzito, ya mtu ambaye hajaongea siku nzima.

"Hapana."

"Umekuja kuniambia nini sasa?"

"Sijui. Labda una swali."

Honi ya nje ililia tena na tena, mpaka Nicanor akafikiri mtu yule amelala. Kisha kitanda kikalia, na hatua zikasogea mpaka karibu na mlango, na sauti ikashuka ili mke asisikie jikoni.

"Bibi yako," Mutisya aliuliza, "sasa analala upande gani?"

Nicanor alifikiria vizuri kabla ya kujibu, kwa sababu hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Mwanzo alihamia kulia, asiniumize," alisema. "Mimi nikafikiri ni kinyaa. Sikumuuliza. Nilikaa na hiyo muda mrefu. Halafu siku moja akarudi kushoto, akaweka mkono hapo, akalala. Mpaka leo kuna siku namtoa mkono. Kuna siku namwacha."

Komeo likasogea. Mlango haukufunguka wote, ila ulifunguka vya kutosha mtu kupita akijipinda upande.

"Ingia," Mutisya alisema. "Lakini usiwashe taa."

Nicanor akaingia, akaketi kwenye ncha ya kitanda gizani, akaanza kufungua vifungo vya shati.